Mkono wa Shangazi Juu ya Televisheni

Shangazi yangu alimshuku mtu kabla hajapata kiti. Ndiyo maana baba alipoambiwa kuwa karani mmoja wa mjini Kisii, mtu wa kutoka ziwani, anataka kunioa, hakuhangaika kutafuta mchunguzi wa mbali. Alimteua dada yake awe esigani, yule ambaye kwetu hutumwa kumchunguza mchumba na ukoo wake kabla ng'ombe hawajatajwa. Esigani akisema hapana, habari imekwisha. Nami nilimpenda yule karani mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Kazi yenyewe ni kuuliza majirani. Esigani hupita kisimani na sokoni, akiuliza kama ukoo una wachawi, kama kijana ni mlevi, na kama yule aliyeonyeshwa ndiye atakayeoa kweli. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima shangazi usingizi. Alisimulia bila kuchoka habari za msichana wa Gesima aliyeonyeshwa kijana mrefu mwenye meno meupe, na alipofika kwa mumewe akamkuta kaka mtu, mzee mwenye matege. Sasa majirani wa karani walikuwa ziwani, na lugha yao hakuijua hata salamu.

"Nitamuuliza nani?" alisema. "Samaki?"

Kilichompa njia ya kuingia kwa karani ni televisheni. Ilikuwa miaka ya sabini, na televisheni za mjini zilikuwa chache. Karani alikuwa na moja, ina miguu minne na imefunikwa kitambaa kilichofumwa. Wakati huo palikuwa na mchezo mpya uliooneshwa kila Jumamosi jioni, uliotungwa kutokana na filamu ya mapenzi iliyokuwa imewaliza watu kote nchini: mshona nguo anamngoja mchumba wake aliyeondoka kwa treni. Shangazi aliiona filamu hiyo Nyamira, gari la matangazo ya sabuni lilipotundika shuka sokoni. Mwadventista hatazami sinema, kwa hiyo alieleza kwamba alikuwa akipita tu na mkungu wa ndizi. Alipita mpaka filamu ikaisha.

Nilikuwa nakaa kwake Nyanchwa, nikifundisha shule ya msingi. Jumamosi jioni tuliteremka pamoja mpaka kwa karani. Naye alisema ni Mwadventista, na kwa shangazi neno "alisema" lilikuwa kosa tayari. Tulisimama barazani tukingoja jua la Sabato lizame nyuma ya kilima, na shangazi ndiye aliyekuwa mwamuzi wa jua. Lilipozama aliingia wa kwanza, akaingiza kiganja chini ya kile kitambaa na kupapasa mgongo wa televisheni. Televisheni za siku hizo zilipata moto kama pasi. Ingekuwa moto, basi mwenyewe alikuwa akitazama Sabato haijaisha.

"Iko baridi," alisema, kama mtu aliyenyimwa kitu.

Kisha akahamia kwenye kitambaa. "Hii nani alishona?"

"Mama yangu, Mama."

"Na nani anafua?"

"Ni mimi nafua."

"Mwanamume anafua kitambaa?" Alinigeukia. Nikaanza kukikagua kile kitambaa mimi pia. Kilikuwa cheupe mno. Usiku wote uliofuata niliwaza kwamba yuko mwanamke mwenye sabuni anayekifua.

Picha ilipojitokeza, hadithi ilikuwa imeshaanza, na hapo shangazi akapata ushahidi wake. Mshona nguo alikuwa msichana mwingine, si yule wa sokoni. Mchumba vilevile alikuwa na sura nyingine, ila jina ni lile lile.

"Huyu si yule," alisema. Karani akamweleza kwamba hawa ni waigizaji wengine, hadithi tu ndiyo ile ile. Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesikia uongo mbovu. "Walionyesha mmoja, sasa wanaleta mwingine. Na wewe unaona ni sawa?"

Nilijua ameshafika kwa yule msichana wa Gesima.

Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na karani ndiye aliyemtafsiria. Walipokumbatiana kupita kiasi, alisema, "Anamuuliza habari ya nyumbani." Shangazi akanigeukia: ni kweli? Nikasema ni kweli. Lakini nilijiuliza pia, mtu anayetafsiri uongo haraka hivi, kwangu ametafsiri mangapi?

Jumamosi moja shangazi aliingiza kiganja chini ya kitambaa, na hakukitoa. Nilinyoosha mkono nikagusa upande wa pili. Ilikuwa moto.

"Kijana," alisema taratibu, "hii kitu imekuwa ikifanya kazi."

Nilitazama mlango wa chumba cha ndani, nikingoja yule mwanamke wa sabuni atokee.

"Ni mimi niliwasha, Mama," karani alisema. "Jua lilikuwa bado. Nilisikia kazini mchezo umesimamishwa, nikataka kujua. Nikaona kama umeisha hamtakuja tena, na mimi nitamwona huyu wapi?"

Aliiwasha mbele yetu. Palikuwa na wanaume wawili wenye tai wakizungumzia magonjwa ya ng'ombe. Mchezo ulikuwa umekatwa, msichana yuko stesheni na treni haijafika, na haukurudi tena. Shangazi alitazama magonjwa ya ng'ombe mpaka mwisho.

Tulipokwenda nyumbani Gesima kutoa jibu, baba, mzee wa kanisa, aliuliza swali moja tu. "Anaishika Sabato?"

Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Shangazi hakunitazama.

"Nimegusa televisheni yake kwa mkono huu kila tulipokwenda," alisema. "Ni baridi."

Ng'ombe wakatajwa. Nilifurahi hata nikalia, na watu wakadhani nalilia nyumba ya baba. Lakini kabla machozi hayajakauka wazo jingine lilikuwa limeshaingia: kama shangazi aliweza kunifichia hivyo mbele ya kaka yake, alificha nini kingine mbele yangu?

Nilimuuliza alipokuwa mzee sana, macho yake hayaoni tena. Alinipapasa uso kwa kile kiganja, pole pole, kama anayetafuta joto.

"Nilikuchagulia la kujua," alisema. "Umeishi vibaya?"

Sijaishi vibaya. Mume wangu bado anafua vitambaa vyake mwenyewe. Ila kila nikitoka kanisani napitisha mkono nyuma ya televisheni. Hizi za siku hizi ni nyembamba na hazipati moto, huwezi kujua chochote.