Mama Rula na Samaki wa Mdogo Wake

Kazi ya Mama Rula ilikuwa kusema hapana. Alisimama kutwa katika kibanda cha mabati pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mbele ya meza ya saruji isiyokauka. Juu ya meza palikuwa na ubao wenye ukingo upande mmoja na msumari upande wa pili. Samaki alilazwa, mdomo ukagusa ukingo. Panda ya mkia, pale mkia unapogawanyika, ikiufikia msumari, samaki ni halali. Isipoufikia, huyo ni mchanga. Wachanga wakiwa wengi, kreti nzima inazuiwa na mwenyewe anaandikiwa kosa. Makosa matatu katika msimu mmoja, leseni inakwenda na maji.

Jina la Rula alipewa na wavuvi. “Huyu hata mchumba angemlaza kwanza ubaoni,” walisema, naye alicheka nao. Hakuwahi kuolewa, na utani ule ulimchoma, lakini alicheka.

Ziwa lilikuwa la nchi mbili. Serikali zote mbili zilikubaliana urefu mmoja wa samaki, zikatia saini, zikapigiwa makofi. Ila huku samaki alipimwa hadi kwenye panda ya mkia, na ng'ambo alipimwa hadi nchani. Samaki yule yule alikuwa mtoto huku na mtu mzima kule. Walioheshimu msumari wa Mama Rula walirudisha majini samaki ambao wenzao wa ng'ambo waliwavua kesho yake na kuwauza mchana kweupe. Kikao cha kusawazisha vipimo kiliitwa, kikaahirishwa, kikaitwa tena. Wavuvi wakimlalamikia, alijibu, “Mimi sikukabidhiwa ziwa, jamani. Nimekabidhiwa ubao.”

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mvuvi hapo hapo mwaloni. Mtumbwi wake ulilisha nyumba mbili: ya kwake, yenye mke na watoto, na vyumba viwili nyuma ya soko alikoishi Mama Rula na mama yao, ambaye miguu ilikuwa imekataa kumbeba. Msimu ule mdogo mtu alikwisha kuandikiwa makosa mawili, yote kwa mkono wa dada yake.

Baada ya kosa la pili hakununa. Alikata kijiti chenye urefu wa kuanzia ukingo hadi msumari, akawa anapima kila samaki huko huko ziwani, mfupi anamrudisha majini. Akaanza kwenda mbali zaidi, kwenye kina, na ili samaki wasiharibike njiani akanunua boksi la barafu. Hilo la barafu hakumwambia dada yake. Alitaka amwone akitoa samaki wazuri, macho yanang'aa, asipate pa kumshika.

Siku aliyorudi na boksi, watu walikuwa wengi kwenye foleni. Mama Rula alilaza samaki wa kwanza. Msumari ukabaki peke yake, nafasi ya upana wa ukucha. Wa pili, vile vile. Wa tatu akaufikia. Wa nne hakuufikia.

“Dada, hao nimewapima mmoja mmoja,” mdogo wake alisema, akiinua kijiti chake. “Wote walipita.”

“Uliwaweka wapi?”

“Kwenye barafu. Tangu jana.”

Mama Rula aliacha mkono juu ya samaki. “Barafu inamkaza samaki, mdogo wangu. Anapungua urefu. Uliyempima jana siye huyu.”

“Kwa hiyo nimenunua kosa langu mwenyewe?”

“Mpime mpaka nchani, Mama Rula!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma. “Jifanye uko ng'ambo mara moja tu, nani atakuona?”

Watu wakaangua kicheko.

“Mpitishe bwana,” akadakia mwingine. “Damu nzito kuliko maji.”

Baba Pacha hakucheka. Alikuwa mvuvi hadi wiki iliyopita, leseni yake ilipochukuliwa. Sasa alibeba kreti za wenzake. Aliitua aliyokuwa nayo begani.

“Wangu nao walikosa ukucha,” alisema taratibu. “Basi tu, hawakuwa na dada.”

Kicheko kikakatika. Mama Rula aliwapima samaki wote waliobaki, bila haraka, ingawa kila mtu alikwisha kujua.

“Imezuiwa,” alisema.

“Dada.”

“Nimepima.”

“Mama anakula mtumbwi ule, dada.”

“Najua. Hata mimi naula.”

Leseni ilichukuliwa kabla ya adhuhuri. Kwa siku kadhaa mke wa mdogo wake alipita mbele ya kibanda bila salamu, na wavuvi, wale wale waliomtania, wakawa wanaweka samaki mezani na kutazama pembeni. Wengine walisema ana roho ya jiwe. Wengine walisema ametenda haki. Hakuna aliyekaa naye kwenye benchi.

Kisha mdogo wake akapata kibarua ng'ambo, kuvua kwa leseni ya mtu mwingine. Asubuhi ya kuondoka Mama Rula alimkuta akipakia nyavu. Akashika ubavu wa mtumbwi bila kuombwa, wakausukuma pamoja hadi maji yakamfika magotini.

“Huko utavua wale wale,” alisema.

“Wale wale. Ila kule ni wakubwa.” Alitaka kucheka, akashindwa. “Usijilaumu, dada. Ungenipitisha, Baba Pacha ungemtazamaje?”

“Utarudi lini?”

“Wakubwa wakishaelewana samaki anaishia wapi.”

Alitia kasia. Mama Rula alisimama majini mpaka sketi ikamlowa, halafu akaenda kibandani, maana foleni ilikuwa imeanza.

Alipofika nyumbani, mama yao alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea mlangoni.

“Ameondoka?”

“Ameondoka, mama.”

“Alikula kitu kwanza?”

Hakuwa amekula. Mkewe hakuwasha moto asubuhi ile, na Mama Rula hakukumbuka kumchukulia chochote.

“Alikula,” alisema. “Alishiba kabisa.”

Mama akaitikia kwa kichwa, akajilaza, akageukia ukutani.