Mkamwana Asiyetaja Jina

Mzee Kalmurat wa mji wa Naryn alibakiwa na pafu moja, lakini maneno alikuwa nayo ya watu watatu. Kifua kikuu kilipoliharibu pafu la kushoto, madaktari walilitoa. Yeye akatangaza kwamba kiangazi atapanda milimani na farasi wake kama kawaida.

"Damu iliyokuwa ikipita mapafu mawili sasa inabanana kwenye moja," daktari alimweleza. "Moyo unasukuma kwa taabu. Kule juu hewa ni haba, utazidi kutaabika. Tuupime kwanza."

"Pimeni upesi. Farasi wananingoja."

Siku ya kipimo alisindikizwa na Burulcha, mke wa mwanawe. Mzee alikuwa uani akibishana habari za farasi wakati muuguzi alipouliza jina la mgonjwa. Burulcha uso ukamwiva kwa haya. Mkamwana wa Kikirigizi hatamki jina la baba mkwe, hata nyumba ikiungua.

"Ni yule mzee wa kofia nyeupe," akasema, akaenda kumwita.

Wazee wote ukumbini walivaa kofia nyeupe. Muuguzi akamshika wa karibu, Osmon, aliyekuja kumjulia hali ndugu yake aliyelazwa hapo. Osmon, mpenda kushughulikiwa, akavua shati bila kuuliza.

Burulcha aliporudi na mkwewe, mpimaji alikuwa akitoka na Osmon. "Moyo wa fahali huu! Mzee apande mlima tu."

"Mmesikia?" Kalmurat akachekelea. "Twende zetu."

"Baba, aliyepimwa si wewe!"

"Nyamaza, mwanangu. Kufaulu ni kufaulu."

"Kwani mgonjwa ni nani?" mpimaji akauliza.

"Yule!" Burulcha akaonyesha kidole.

Kofia zote zikageuka, isipokuwa moja iliyokuwa ikikimbilia ngazi. Mzee akapanda kidogo, akayumba, midomo ikawa ya buluu.

"Kalmurat! Simama!"

Ni Burulcha aliyepiga kelele. Mzee akasimama, kwa mshtuko tu.

Akapimwa. Moyo ulikuwa hoi, na daktari akamkataza katakata kupanda milimani. Mzee alinuna siku nyingi, akimwambia kila mgeni kwamba ametukanwa hadharani.

Farasi walipopelekwa milimani bila yeye, alisimama langoni akalia waziwazi. Burulcha akasogea karibu naye.

"Liite tena," mzee akasema.

"Nini, Baba?"

"Jina langu. Aliyekuwa akiniita hivyo ni marehemu mama mkwe wako. Tangu afe, hakuna."

Burulcha akatazama huku na huku. Njia ilikuwa tupu. Akaliita.