Mwimbaji Aliyeachwa

Yule mwanamke kamwacha mwimbaji yule huu mwaka wa tatu, na bado tunaambiwa. Tunaambiwa redioni asubuhi kabla ya taarifa ya habari, tunaambiwa tena baada ya taarifa, kana kwamba hiyo nayo ni habari. Tunaambiwa sokoni, benki, na kwenye foleni ya kliniki. Katikati ya kilio anatutangazia sabuni, kisha rangi ya nyumba. Mtangazaji naye hana haya: "Wimbo huu ni nyinyi wenyewe wasikilizaji mmeuomba." Nani kauomba? Nimeuliza mtaa mzima, hakuna aliyekiri. Huyo mwanamke simlaumu. Mimi ningeondoka kabla ya kiitikio.

Hasira hizi sikuziokota, nimezirithi kwa baba yangu. Baba alikuwa seremala, na mdomo wake ulikata kuliko msumeno. Wateja walijua kwamba kwake utapata kiti cha maana na utasemwa. "Unakitikisa nini? Hiki kitakuzika wewe na wanao!" Watu walicheka, wakarudi. Yule mwimbaji Baba hakumjua kabisa, maana mashine zake za kukatia mbao zilipiga kelele kutwa nzima.

Kisha kiharusi kikamwangusha karakanani. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Daktari hakunificha. Sauti anayo, akili anayo, lakini njia isiyopitwa huota nyasi. "Mchokozeni aseme, chochote kile. Mkichelewa sana, msitegemee tena."

Nikahamishia cherehani yangu chumbani kwake, nikawa nashona huku namsemesha. Shangazi, dada yake mkubwa, naye akaja kumfundisha kama mtoto mchanga. "Haya, sema maa-ji. Maa-ji." Baba alimtazama kwa macho ambayo zamani yangefuatana na maneno, na maneno hayo nisingeyaandika hapa.

Ukuta wa chumba kile tumepakana na kinyozi. Kinyozi ana redio, na redio ina mwimbaji mmoja. Nilivumilia, nikashindwa, nikamwendea mkasi ukiwa mkononi.

"We kinyozi, kuna mgonjwa hapa! Huyo mtu wako hana kwao?"

"Dada, si wangu huyo. Ni wa redio."

"Basi hamisha stesheni!"

"Nimehamisha. Na huko yuko."

Akapunguza sauti mpaka ikawa haisikiki. Nyumba ikatulia, na nilijiona nimeshinda. Lakini Baba naye akazidi kutulia. Alikuwa anautazama ukuta tu, hata macho yakaacha kugombana na Shangazi. Niliogopa, na mimi nikiogopa hugomba. Nikagombana na Shangazi, nikagombana na daktari, nikagombana na uzi uliokatika.

Jumamosi moja kinyozi alijaza wateja, mmoja wao akapandisha redio mpaka mwisho. Kile kilio kikapenya ukutani, na kinanda chake, na wale wasichana wa kumwitikia. Nilikuwa namnywesha Baba chai. Uso wake ukaanza kutetemeka, nikadhani kiharusi kinamrudia. Akakisukuma kikombe.

"Zi... zima," akasema. "Zima hilo... jinga!"

Chai yote ilinimwagikia. Shangazi alipiga magoti palepale akaanza kumshukuru Mungu. Mimi nikatoka mbio kwenda kuzima, maana kwetu Baba akiagiza unakwenda, maswali baadaye. Kinyozi aliponiona mlangoni akawa ameshashika kitufe.

"Samahani dada, nazima, nazima!"

Hapo ndipo akili ikanijia.

"Ukizima nakunyoa mimi! Ongeza!"

"Lakini si ulisema mgonjwa..."

"Ongeza, nimesema!"

Niliporudi, Baba alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda, jasho linamtoka. "Mwanaume... mzima," alisema. "Analia... na ngoma!" Nilisimama pale nikimchukia yule mwimbaji kwa moyo wangu wote, huku naomba wimbo usiishe.

Wiki iliyofuata nilinunua redio yetu, nikaiweka miguuni pa kitanda. Shangazi hanielewi. Ananiambia namtesa mdogo wake, tena mchana kweupe. Kila kilio kikianza Baba humjibu yule mtu, amwambie aoge, atafute kazi, arudi kwa mama yake. Maneno yanatoka yakiwa yamekatikakatika, ila yanatoka, na mengine ni makali kuliko ya karakanani. Mimi nashona na meno nimeyauma. Wimbo wenyewe naujua mpaka mahali anapovuta kamasi.

Jana aliniita kwa jina alilonipa nikiwa mtoto, ambalo tangu augue sikuwa nimelisikia.

"Kasirani, mwanangu, nakuomba sana, zima hiyo redio."

Sentensi nzima, haikukatika popote. Nikainamia cherehani ili asiyaone machozi yangu, kisha nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti.