Paa juu ya paa: nyumba ya Port Reitz inayomngoja Nduku

Ngowa Munga hana cheti cha ujenzi. Hana karakana, wala gari la kubebea vifaa. Ngazi yake huibeba begani kutoka mtaa hadi mtaa. Nyumbani kwake hamna feni, hamna jokofu, hamna dari ya mbao wala ya jasi. Na tangu mwaka juzi, nyumba hiyo haina mke.

Hilo la mwisho ndilo lililompandisha juu ya paa.

Saa nane na nusu mchana, jua la Machi linawaka juu ya Port Reitz, Mombasa, na mtaa umenyamaza. Mbwa wamelala chini ya malori yanayongoja zamu ya kuingia bandarini Kipevu. Ndege inashuka taratibu kuelekea uwanjani, na kivuli chake kinateleza juu ya mabati, nyumba baada ya nyumba, mpaka kinapita juu ya paa moja lisilong'aa. Hilo ni la Ngowa.

Chini yake, fundi mwenyewe, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, amekaa mkekani ukumbini, kifua wazi, akikitazama kijiko.

Kijiko kimesimama ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, yale mazito meupe. Wenyeji wanajua kwamba joto la Kaskazi likikolea, mafuta hayo hugeuka maji ndani ya nyumba za mabati. Mpishi hachoti, anamimina. Ngowa hana kipimajoto. Kila asubuhi hukichomeka kijiko katikati ya mkebe, akaenda zake kazini au akakaa. Kikilala kabla ya alasiri, nyumba imeshindwa.

"Hii ni wiki ya pili hakijalala," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukiamsha.

Ngowa alizaliwa Kaloleni, katika nyumba ya makuti yenye paa refu lililokaribia kugusa ardhi. Alikuja Changamwe akiwa kijana, akapata kibarua cha kufagia penye mitambo ya umeme, Kipevu.

"Nilifagia pale umeme unapozaliwa," anasema, "na jioni nikirudi nyumbani ninawasha kibatari."

Kibarua kilipokwisha alijiunga na mafundi wa mapaa. Kazi yao ilikuwa moja: kushusha makuti na kupandisha mabati. Kila aliyepata chochote alitaka bati, kwa sababu bati ndilo lililoonyesha kwamba mtu ameendelea. Kazi ikiwepo, Ngowa hupata shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku. Kuna wiki hupata siku mbili tu za kazi, na kuna wiki ngazi haiondoki ukutani.

Kwa fedha hizo alijijengea nyumba yake ya vyumba vinne, viwili huku na viwili huku, ukumbi katikati. Aliiezeka kwa bati jipya, akaziba kwa matofali ule uwazi kati ya ukuta na paa ili popo wasiingie.

"Siku tuliyogonga msumari wa mwisho, Nduku alipika pilau," anakumbuka. "Tulijiona tumefika."

Nduku ni mkewe, mwenyeji wa milima ya Mbooni. Walikutana katika kwaya ya kanisa, Changamwe. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na kwa miaka mingi sauti ya cherehani yake ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba ile. Inapoanza, kumekucha. Inaponyamaza, chakula ki tayari.

Kisha akapatwa na presha. Alasiri moja ya Februari cherehani ilinyamaza kabla ya wakati, na Ngowa akamkuta mkewe amelala sakafuni, uzi bado uko kidoleni. Daktari alimpa dawa na agizo: apumzike, na asikae penye joto kali.

Walinunua feni. Tokeni ya umeme ya shilingi mia mbili ikawa haifikishi siku nne.

"Na feni yenyewe ilikuwa inachukua joto la huku inatuletea huku," anasema Ngowa. "Bati limewaka juu, sisi tunakoroga tu."

Feni wakaiuza, na ikabidi Nduku aende kwa dada yake, Mbooni, kwenye baridi.

Nyumba ilipobaki kimya, Ngowa alianza kuota. Usingizi wa mchana ulimrudisha Kaloleni, chini ya lile paa la utotoni. Aliota giza lake la kijani, na upepo ukipita ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Alipoamka, mto wake ulikuwa umelowa jasho. Siku moja aliinuka mkekani akaenda moja kwa moja kwa Nyamvula, mama anayesuka na kuuza makuti kando ya barabara, akarudi na mkokoteni uliojaa.

Aliyalaza makuti yale juu ya bati, akayafunga kwa kamba. Nyumba ilipoa siku ile ile. Kwa furaha alimpigia shemeji yake simu: "Mwambie Nduku aje. Nyumba imekuwa Mbooni."

Nduku akaja, cherehani na yote. Kisha masika yakaingia.

Paa la bati la nyumba hizi halina mteremko wa maana. Bati halijali, kwa kuwa maji huteleza juu yake hata likiwa limelala. Makuti yaliyolazwa hunywa maji na kuyashika. Ndani ya muda mfupi paa la Ngowa lilikuwa godoro lililolowa. Likanuka uvundo, likavuja kwenye matundu ya misumari, kuta zikaota ukungu. Nduku, aliyekimbia joto, sasa alikohoa mpaka mgongo ukamuuma.

"Miaka thelathini nimegonga bati," anasema Ngowa. "Mikono ilikuwa imesahau kwamba makuti si bati. Mimi, mtoto wa Kaloleni."

Nyamvula alikuja kuangalia. Kwanza alicheka akashika kiuno.

"Umeyalaza kama mgonjwa," akamwambia. "Makuti yanataka kusimama. Kwani kwenu mlilala wapi, hotelini?"

"Na wewe ndiye uliyeniuzia."

"Nilikuuzia makuti, fundi. Akili hukuiulizia bei."

Kisha alisikia kikohozi kutoka chumbani, akaacha kucheka, akaingia kumjulia hali mgonjwa.

Nduku aliondoka kabla mvua hazijakatika. Kituoni, mlango wa basi ukiwa wazi, alimpa mumewe neno moja ambalo Ngowa hulikariri mpaka leo: "Baba, ukiniita tena, usipige simu. Niandikie barua. Simu mtu huipiga moyo ukimruka. Barua mtu huiandika ametulia."

Ndipo kazi ilipoanza upya. Ngowa aliyateremsha makuti yaliyooza, akayafukia nyuma ya nyumba. Hapo alipanda pasheni, na leo majani yake yamefunika ukuta wote wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri.

Alilipaka bati chokaa nyeupe. Juu yake alisimamisha fremu ya miti ya mvinje, yenye mwinuko mkali kama paa la kwao, akaacha nafasi ya kutosha mtu kupitisha mkono mzima kati ya bati na makuti. Hapo ndipo upepo unapopita. Kileleni aliacha upenyo, akauvika kofia ndogo ili mvua isiingie na joto litoke. Yale matofali aliyozibia popo akayabomoa, akatia wavu. Dirisha la upande unakotoka upepo wa Kusi likapanuliwa, na jiko likahamishiwa kibanda cha uani, mbali na makuti, kwa kuogopa moto.

Aliifanya kazi hiyo kipande kwa kipande, kila alipopata miti au nafasi. Majirani hawakumwacha. Odhiambo, dereva wa matrekta ya makontena Kipevu, alikuwa akiegemea ukuta wa mpakani na kikombe chake cha chai.

"Fundi, sisi tumehama makuti zamani. Wewe naona unarudi Kaloleni bila kulipa nauli."

"Nitafika salama," Ngowa alimjibu kutoka juu. "Afadhali mimi. Wewe una nyumba na bado unalala uani."

"Nalala uani napunga upepo."

"Huku ndani upepo utanipunga mimi."

Masika ya mwaka jana yalipofika, Ngowa hakulala vizuri. Alikaa ukumbini akisikiliza. Mvua juu ya bati ni ngoma. Hukatiza maneno, hukatiza hata sala. Mvua juu ya paa lake jipya ilikuwa mnong'ono mrefu ulioteremka pande zote na kumalizikia mchangani. Alipitisha kiganja ukutani, chumba baada ya chumba, akitafuta unyevu. Ukuta ulikuwa mkavu.

Vuli ikapita vivyo hivyo. Ikaja Kaskazi, na kile kijiko kikaanza kazi. Januari kililala mara kadhaa. Ngowa akapanda tena, akapanua upenyo wa kileleni, akaongeza wavu juu ya milango ya vyumba ili hewa isikwame. Tokeni ya mia mbili sasa inakaribia kumaliza mwezi, kwa taa na redio tu.

Wakati mwingine, anasema, usingizi ukimchukua mchana husikia cherehani. Husikia kanyagio likienda, sindano ikifuata. Hulala akitabasamu, akijua kwamba chakula kitakuwa tayari. Akifumbua macho, huwa ni makuti yanasuguana, na upepo unapita kati ya mapaa mawili ukielekea bandarini.

Jumapili iliyopita Odhiambo aliingia kuazima nyundo. Akakaa mkekani kidogo tu, angoje itafutwe. Alizinduka alasiri, alama za ukili wa mkeka zimemwingia shavuni, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nani amezima jua?" akauliza.

Ngowa akampa nyundo.

"Wacha nyundo. Na kwangu utakuja kupima lini?"

"Nduku kwanza," Ngowa akasema.

Mpango anao. Akimaliza kwa Odhiambo anataka kuwafundisha mafundi wenzake wa Changamwe kuezeka paa juu ya paa, wapate kazi bila kumshawishi mtu ang'oe bati alilolinunua kwa jasho. Lakini mpango wote, kama nyumba, unamngoja mtu mmoja, na Ngowa ana hofu.

"Akija akaugua tena, mara ya tatu haitakuwepo," anasema. "Hataniambia. Atakaa tu kule kwa dada yake, na mimi nitabaki na nyumba yenye baridi."

Ndiyo maana barua imemchukua wiki nzima. Karatasi ya kwanza ilikuwa na sifa nyingi, akaichana. Ya pili iliomba msamaha tangu juu hadi chini, nayo akaichana. Ya leo ameiandika ukumbini, taratibu, na anakubali isomwe:

"Nduku mke wangu, salamu nyingi kwako na kwa dada. Mara ya kwanza nilikuita nyumba ikiwa haijaonja mvua. Sasa imeonja masika na vuli, na Kaskazi hii i karibu kuisha. Siwezi kukuambia kwamba hakuna joto, Mombasa unaijua. Ila joto la ndani ni dogo kuliko la nje, na ukuta haulowi. Mahali pa cherehani pako wazi, kando ya dirisha la Kusi. Masika yanakaribia. Njoo kabla hayajaanza, uyasikilize mwenyewe ukiwa ndani. Ukiona nimekosea tena, niambie usoni, nami nitakupeleka kwa dada kwa mkono wangu. Wako, Ngowa."

Anavaa shati, anafunga vifungo vyote, anatembea mpaka posta ya Changamwe. Pale kaunta anaibandika stempu na kulisoma jina la mkewe juu ya bahasha, herufi kwa herufi. Barua anaitoa, anaisoma tena, hapunguzi neno wala haongezi. Anairudisha, analamba gundi, anakunja kifuniko na kukibana kwa kiganja mpaka kinashika. Kisha anaipenyeza katika tundu la sanduku, anaishikilia kwa ncha za vidole, na kuiachia.