Shimo Chini ya Avoka

Mvua ya kwanza ya Kolwezi ilinuka vumbi jekundu na mbolea ya kuku, maana nyanya yetu, tuliyemwita Kaku kama watu wa Kasai waitavyo bibi zao, alikuwa ameshaimwaga kwenye matuta ya lengalenga kabla mawingu hayajakomaa. Kila asubuhi alipiga magoti kati ya mboga zake akimshukuru Mungu kwa kumwazima bustani. Kumwazima, si kumpa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikupenda kuwa mbali na jiko, hivyo nilikabidhiwa mche wa avoka, yaani parachichi, uliokuwa hatua sita tu kutoka kizingitini. Hata hizo niliziona safari.

Msimu huo mtaa mzima ulikuwa ukichimba. Jirani yetu alivunja hata sakafu ya sebule akitafuta kobalti chini ya kabati. Basi nilipookota jiwe la kijani, rangi ya mawe ya madini, kando ya mche, dada yangu Mado alirukaruka: "Weye! Tunakuwa batajiri!" Nami nikawaza kuwa tajiri ana mtu wa kumbebea ndoo. Kaku alipokwenda kanisani tulichimba, tukachimba, mpaka shimo likanifika kifuani. Ndipo ukingo ukamomonyoka, mche ukaniangukia kichwani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasema wahenga. Mimi nilikuwa nimeshaingia.

Kaku alirudi, tukamwonyesha jiwe. Akalikwaruza kwa ukucha, kijani kikabanduka. Akautazama mlango wetu, ambao baba alikuwa ameupaka rangi hiyohiyo mwezi mmoja kabla, akacheka hadi akaketi chini. "Batoto bangu, hii karieri yenu ya kuchimba mawe iko ya mulango ya tata yenu!" Kisha akaiona mizizi ya avoka, kicheko kikakatika. "Siku Mungu atauliza avoka yake, mutamupatia hii jiwe?"

Tulilijaza shimo lile udongo na mbolea, tukaupanda mche upya. Wiki tatu nilimwagilia kijiti kikavu, nikikibembeleza kama mgonjwa. Asubuhi jani moja lilipochomoza, Kaku alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani mashimoni.

Leo shimo la jirani ni bwawa la vyura, na wanawe huja kwetu na beseni kuomba avoka. Wapitao huniuliza kama najua kilicho chini ya ua wangu. Najua sana: mbolea ya kuku. Wenzangu wamefika mbali. Mimi nimefika hatua sita kutoka kizingitini, ndoo mkononi, maana Mwenyewe bado hajaja kuiulizia avoka yake.