Kiapo cha Talaka na Sigara ya Betri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi kabla hatujajua kuziomba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na sahaba zake.

Ninasomesha darsa baada ya sala ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa Shella, Malindi, na kila siku ninayoamka na sauti ya kusomeshea ninamshukuru Mola wangu. Vijana ndio wanaoniletea maswali magumu. Mmoja wao aliniuliza kuhusu hizi sigara za betri, zile zinazofanana na kalamu nene na kutoa mvuke wenye harufu ya embe. Je, ni halali?

Nikawaeleza kwa urefu. Maulamaa waliotutangulia walitofautiana kuhusu tumbaku. Wako walioiona makuruhu, jambo la kuchukiza lisilofika kuwa haramu, na wako walioiharamisha. Madhara yake yalipodhihirika, wengi wakaegemea katika kuiharamisha. Na kifaa hiki kipya, nikasema, kina nikotini ileile, kinamfunga mtu vilevile, na kinapoteza mali na afya vilevile. Nikamalizia hivi: "Sigara ni sigara, iwe na moto au iwe na betri. Msijidanganye."

Kuna aliyenirekodi kwa simu. Maneno yale yakaenda Watamu, yakaenda Mambrui, yakaenda mpaka mahali nisipopajua. Sikuchukia. Niliyasema nikiyaamini, na bado ninayaamini.

Siku chache baadaye, asubuhi, mpwa wangu alikuja nyumbani na mtoto mgongoni na mkoba wa nguo mkononi. Huyu ni binti wa marehemu dada yangu. Mimi na mke wangu ndio tuliomlea, na mimi ndiye niliyesimamia nikaha yake. Anaishi Muyeye na mumewe, dereva wa tuktuk. Mume naye alikuwa nyuma yake, amesimama nje ya kizingiti kama mgeni.

"Shikamoo mjomba," akasema mpwa wangu.

"Marahaba. Mbona mwenzio haingii?"

"Hajui kama anaruhusiwa kuingia nilipo."

Nikawaketisha mbalimbali, yeye ndani na mke wangu, mumewe barazani na mimi. Kijana yule akanieleza huku akitazama miguu yake. Alikuwa mvutaji sigara mkubwa. Mkewe alipokuwa mjamzito, alimsihi aache, akashindwa. Siku moja, kwa kujikasirikia, akaapa mbele yake: "Nikivuta sigara tena, umeachika." Akadhani amejitengenezea ukuta. Kweli, sigara hakuigusa tena. Lakini kiu ilipomzidi alinunua kile kifaa cha betri, akawa anakivuta ndani ya tuktuk akisubiri abiria.

"Kisha nikasikia sauti yako kwenye simu, maalim," akasema. "Nilizima injini palepale barabarani."

Msomaji asiyejua sheria yetu afahamu uzito wa jambo hili. Katika madhehebu yetu ya Shafii, talaka iliyofungwa kwa sharti hupita sharti likitimia, na aliyeitamka hana uwezo wa kuifuta. Tena huyu alikwisha mwacha mkewe mara mbili kwa hasira, na mara zote mbili akamrejea ndani ya eda. Iliyobaki ilikuwa moja. Hiyo ikipita, hamrudii tena mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, na ndoa hiyo nayo ivunjike. Basi swali lilikuwa hili: kwa kuvuta kile kifaa, amevunja kiapo au hakuvunja?

Nilikosa pa kushika. Nikisema kifaa si sigara, vijana wa darsa watasema maalim amehalalisha kwa ajili ya mpwa wake. Nikisema ni sigara, kama nilivyosema msikitini, basi kwa ulimi wangu ninamtoa yule mtoto kwa baba yake. Na juu ya yote, mimi ni mlezi wake. Mlezi hawi kadhi wa nyumba yake mwenyewe. Nikawaambia tutakwenda kwa sheikh wa mji wa pili, naye alikuwa safarini. Tukamsubiri.

Sijui kama nimewahi kuona nyumba yangu ikiwa ndogo vile. Mpwa wangu alikaa chumba cha ndani, akijifunika kila aliposikia kikohozi cha mumewe barazani, kwa sababu hakujua kama bado ni mumewe. Yule naye alikuja kila jioni na maziwa ya mtoto, akayaweka kizingitini na kurudi. Nilikuwa nikisoma vitabu vyangu na kuvifunga, kwa kuwa nilijua ninatafuta jibu ninalolitaka.

Mke wangu hakuninyamazia. "Maalim, darsa lako limeingia mpaka jikoni kwangu."

"Nilisema haki."

"Haki umesema. Sasa mwite yule dereva, umwambie aseme alikusudia sigara ya karatasi. Neno moja tu."

"Nikimfundisha la kusema, nia itakuwa yangu, si yake."

"Basi kaa na elimu yako hapo, mimi nimbembeleze mtoto."

Mpwa wangu aliuliza mara moja tu, akikunja nguo ambazo alikwisha zikunja. "Mjomba, kama imepita, imepita tangu alipovuta mara ya kwanza. Basi siku zote hizo tulikuwa tukiishi vipi?" Nilimwambia asiyejua hana dhambi kwa asilolijua. Akaitika, lakini hakuinua uso.

Sheikh aliporudi tukaenda, wote wanne. Alikuwa mtu mdogo kwangu kwa umri, mkavu wa maneno. Alimgeukia yule mume.

"Siku uliyotamka, ulikuwa na nini moyoni?"

"Sigara, sheikh. Harufu yake ilikuwa ikimtapisha mke wangu."

"Kifaa hiki ulikuwa ukikijua siku hiyo?"

Niliomba moyoni aseme hapana. Akasema, "Nilikuwa nakijua. Abiria walikuwa nacho."

Mke wangu alinibana mkono. Sheikh akaendelea kumuuliza. "Na ulikihesabu kuwa ni sigara?"

"La. Nilikihesabu kuwa ni dawa ya kuachia sigara. Ningejua ni sigara nisingekigusa. Mtu hachezi na mke wake."

"Umekwisha cheza naye mara mbili," sheikh akasema. "Sikiliza. Kiapo kinafuata nia ya aliyeapa, na kile ambacho watu wa mji wanakielewa kwa neno lile. Watu wa Malindi wakimtuma mtoto dukani sigara, haleti kitu cha kuchajiwa. Wewe hukukikusudia, wala hukukihesabu kuwa ni sigara. Talaka haikupita. Huyu ni mkeo." Kisha akanitazama mimi. "Na darsa lako, maalim, libaki kama lilivyo. Kitu kinaweza kuwa na hukumu ya sigara bila kuingia ndani ya kiapo cha sigara. Akikivuta, hana ruhusa kwangu wala kwako."

Nilisema alhamdulillahi. Mke wangu akalia. Mume akafunika uso kwa viganja vyake. Mpwa wangu peke yake ndiye aliyebaki vilevile.

"Sheikh," akasema, "na kile kiapo chenyewe, kimeondoka?"

"Hakikuondoka. Sigara akiivuta kwa kujua, hata mkiwa wazee, ndoa imekwisha."

"Kwa hiyo ninarudi Muyeye na kiapo."

"Unarudi nacho, mwanangu."

Akamgeukia mumewe. Nilikuwa sijasikia akimsemesha tangu aje kwangu. "Umeniweka mimi rehani mahali palipostahili kukaa nafsi yako," akamwambia, si kwa ukali. "Wewe ukitamani, mimi ndiye ninayetetemeka."

Mume akakitoa kile kifaa mfukoni na kukiweka juu ya mkeka.

Waliondoka pamoja kwa tuktuk, mtoto akiwa amelala mapajani mwa mama yake. Hadi leo wako pamoja, namshukuru Mungu. Nikienda kuwatazama, mpwa wangu huniwekea chai, kisha humkaribia mumewe akitoka kazini na kunusa shati lake, anavyofanya kila jioni, naye husimama tuli mpaka amalize. Hilo sina kitabu cha kuliondolea. Vijana wakiniuliza sasa kuhusu sigara ya betri, huwajibu kama nilivyojibu mwanzo, ila ninaongeza: anayetaka kuacha jambo na alifungie mali yake, au saumu yake, au aombe msaada wa daktari, asilifungie mtu mwingine.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe pumzi safi na ulimi mpole, awafungue wa nyumbani kwako na kila kilichowafunga, akujaalie uingie mlangoni kwako jioni ukipokewa bila hofu. Amin.