Afande na Ukuta Wake

Kila Jumamosi, afande wa kike kutoka kambi ya polisi Nsambya huja kucheza gemu za video za bunduki kwenye kibanda cha Lamwaka. Wengine hukimbia wakifyatua ovyo. Yeye hubonyeza kitufe, mtu wake kwenye skrini hujibanza ukutani, na yeye mwenyewe huegemeza bega kitini, akipumua taratibu. Raha yake ni kuchungulia, kupiga moja, kurudi mafichoni. Lamwaka hakuwahi kumwona akifa. Jumamosi iliyopita, wakikaribia kushinda, Pitshou, fundi cherehani aliyecheza timu moja na afande, aliangushwa katikati ya uwanja. Afande akauacha ukuta, akamkimbilia. Risasi zikawamaliza wote wawili.

“Afande, ungebaki pale tungeshinda!” Pitshou akalalamika.

Afande akajifuta viganja kwenye sketi. “Na wewe nikuache umelala pale peke yako?”